Mtindo wangu umechorwa na mashine: sheria ya haki ingesema nini?

SWALI: Wakili, pole na kazi. Mimi ni mchoraji wa vitabu vya watoto, mwaka wa 12 huu. Juzi mteja wangu wa siku nyingi alinitumia picha 20 akaniambia, "Nirekebishie vidole tu, nitakulipa nusu." Nilipozifungua nikajiona mimi mwenyewe: sungura mwenye sikio moja lililokunjika, kivuli cha zambarau badala ya cheusi, hata ile mistari ya penseli ninayoiacha makusudi. Zote zimetengenezwa na programu. Kaka yangu naye anaunda programu ndogondogo zinazotumia akili mnemba, na ananiambia kwamba kila sheria tunayoililia sisi wasanii itawaua wadogo kama yeye, wakubwa watabaki wanadunda. Tukikutana ni ugomvi. Sheria ya haki kwa vitu hivi ingekuwaje, na kati yetu nani mkweli?

JIBU: Dada, nimelisoma swali lako mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani ni maswali mawili. Ni moja. Wewe na kaka yako mnamlalamikia mtu yuleyule, ila kila mmoja amesimama upande wake.

Nianze na habari mbaya ili tusizunguke. Mtindo haulindwi. Hakimiliki hulinda kazi iliyokwisha kuumbwa, yaani mchoro huu na ukurasa huu, si namna ya kuchora. Mkataba wa TRIPS wa 1994, ambao nchi nyingi za dunia zimejifunga nao, unatamka kwamba kinacholindwa ni usemi, si wazo wala mbinu. Kila anayeijua kazi yako anajua sikio lile lililokunjika ni lako, lakini mbele ya hakimu ni la yeyote. Na mimi, ingawa najua hutapenda kusikia, naona ni sawa iwe hivyo. Wewe mwenyewe ulianza kwa kuiga mkono wa mtu. Mtindo ungekuwa mali ya mtu, wa kwanza kuburutwa mahakamani wangekuwa wachoraji wachanga, na wanaowaburuta wangekuwa wachapishaji wenye fedha.

Malalamiko yako yanasimama penginepo: kwenye nakala. Ili mashine ijifunze kuchora sungura, kuna mtu aliyeikusanyia picha kwa mamilioni, na kila picha ilinakiliwa kwenye seva fulani kabla ya kuchambuliwa. Kinachobaki baada ya mafunzo, ambacho huitwa modeli, si albamu. Ni rundo la tarakimu zinazobeba uhusiano: sikio hukaa wapi ukilinganisha na jicho, kivuli huangukia upande gani. Faili la mchoro wako halimo humo. Ila mchoro uliorudiwarudiwa sana kwenye data unaweza kutolewa tena karibu kama ulivyo, kama mtoto aliyekariri shairi bila kulielewa.

Je, rundo hilo la tarakimu ni nakala ya kazi za watu? Novemba 2025 mahakama mbili zilijibu, zikipishana siku 7 tu. Tarehe 4, Mahakama Kuu ya London, katika kesi ya Getty Images dhidi ya Stability AI, kampuni yenye programu ya kutengeneza picha, ilisema modeli isiyohifadhi picha ndani yake si nakala haramu. Tarehe 11, mahakama ya Munich, katika kesi ya GEMA, chama cha hakimiliki za muziki cha Ujerumani, dhidi ya OpenAI, wenye ChatGPT, ilisema maneno ya nyimbo 9 yaliyokaririwa na modeli yamenakiliwa humo, hata kama yamevunjwavunjwa kuwa namba. Wanasheria wameshikana mashati kuhusu nani yuko sahihi. Mimi nilivutwa na jambo lililopita kimyakimya: kule London, Getty waliiacha njiani hoja yao nzito kuliko zote, ya kwamba picha zao zilinakiliwa wakati wa mafunzo, kwa sababu hapakuwa na ushahidi kwamba mafunzo hayo yalifanyika ndani ya Uingereza. Hiyo ni kampuni kubwa ya picha yenye mawakili wa kutosha. Sasa mchoraji mmoja na kompyuta yake?

Niliwahi kukaa na mteja wangu, mpiga picha, mchana kutwa tukiiandikia programu moja maelezo ili itutolee picha yake. Ilipofika saa kumi ikatoa kitu kinachofanana nayo mno: ngazi ileile, mwanga uleule kutoka dirisha la kushoto. Tukashangilia kama watoto. Kesho yake tukaandika maneno yaleyale, herufi kwa herufi, ikatoa ngazi nyingine kabisa na dirisha limehamia kulia. Nilibaki na picha moja ya skrini na simulizi. Upande wa pili wangesema ni bahati nasibu tu, na sikuwa na la kuwajibu.

Hapo ndipo jibu langu kwako lilipo. Watu wengi wakizungumzia sheria ya haki hupima ukali wake: hii kali mno, ile laini mno. Mimi naangalia kwanza mzigo wa kuthibitisha umewekwa begani mwa nani. Kanuni ya kawaida ni kwamba anayedai ndiye anayethibitisha, na ni kanuni nzuri pale ambapo pande zote mbili zinakiona kitu kilekile. Jirani akibomoa ukuta wako, wote mnauona ukuta. Huku kwetu daftari lote liko upande mmoja: nini kilikusanywa, lini, kutoka wapi, nini kilichujwa kikatupwa. Sheria inayokwambia "haki unayo, thibitisha" wakati daftari limo kabatini mwa mdaiwa imekupa haki ya kuitazama kwa mbali.

Angalia Marekani, Juni 2025. Jaji William Alsup, katika kesi ya waandishi wa vitabu dhidi ya Anthropic, kampuni ya akili mnemba, aliamua kwamba kuifunza mashine kwa vitabu ni matumizi yanayoruhusiwa na sheria yao, kwa kuwa mashine inatoa kitu kipya. Lakini kampuni ilikuwa pia imepakua nakala zaidi ya milioni 7 kutoka maktaba za uharamia na kujiwekea, na hilo alilikataa. Miezi michache baadaye wakasuluhishana kwa dola bilioni 1.5, kama dola 3,000 kwa kitabu, vitabu karibu nusu milioni. Waandishi walioibuliwa na kesi hiyo hawakujulikana kwa kuihoji mashine. Walijulikana kwa nyaraka za ndani zilizotolewa kwa nguvu ya mahakama. Na bado mlango ulikuwa mwembamba: kitabu ambacho hakikusajiliwa kwenye ofisi ya hakimiliki ya Marekani ndani ya muda uliowekwa hakikuhesabiwa.

Wiki hiyohiyo ya Juni jaji mwingine wa mji uleule wa San Francisco, Vince Chhabria, aliwapa Meta, wenye Facebook, ushindi dhidi ya waandishi 13. Ukiisoma hukumu yenyewe inashangaza. Alisema mashine inayofurika soko kwa kazi za kushindana na za waandishi inaweza kabisa kuwa imewadhuru kisheria, ila hawa waliokuja mbele yake hawakuleta ushahidi wa madhara hayo. Wameshindwa kwa kukosa karatasi, si kwa kukosa hoja.

Ulaya wamejaribu kulifungua kabati kidogo. Sheria yao ya Akili Mnemba, iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024 na ambayo wajibu wake kwa wenye modeli kubwa ulianza Agosti 2025, inamtaka mtengenezaji achapishe muhtasari wa data aliyoifunzia modeli. Vizuri. Lakini fomu iliyotolewa inataka, kwa data iliyokusanywa mtandaoni, majina ya tovuti zilizochangia zaidi, asilimia 10 ya juu. Jina la tovuti si jina la mchoro. Utajua kwamba jukwaa fulani la picha lilisombwa, hutajua kama sungura wako alikuwemo. California nayo ina sheria ya uwazi wa data za mafunzo iliyoanza kutumika Januari 2026, na nayo inataka maelezo ya jumla tu.

Kuna na utaratibu wa kujitoa. Maelekezo ya Ulaya ya 2019 yanaruhusu uchimbaji wa data, yaani kompyuta kuzichambua kazi kwa wingi, ila mwenye kazi akisema hataki, kwa namna ambayo mashine inaweza kuisoma. Japani wao walilegeza zaidi: tangu 2019 sheria yao inaruhusu kwa upana kuzitumia kazi kwa uchambuzi wa data, mradi mwenye kazi asidhuriwe isivyo haki. Sitaficha kwamba utaratibu wa kujitoa naupenda kwa kampuni na kuuchukia kwa mtu mmoja. Gazeti lina mtu wa kuandika katazo kwenye seva yake. Mchoro wako ukishatoka mkononi unakatwa, unabandikwa kwenye tangazo la mtu, unasambazwa tena bila jina, na lile katazo uliloliandika kwenye tovuti yako halifuatani nao. Ni sawa na kuandika "usiibe" mlangoni wakati mbuzi wako wanachungwa bonde la pili.

Ningeandika mimi, ningemtaka mtengenezaji atunze orodha inayoweza kutafutwa, na mtu akija na kazi yake ajibiwe: imo au haimo. Akikataa kujibu, mahakama ichukulie kwamba imo mpaka yeye athibitishe kinyume. Si wazo la kichaa. Maelekezo mapya ya Ulaya ya dhima ya bidhaa, ya 2024, yanahesabu programu kuwa bidhaa, na yanasema kwamba mdaiwa akiamriwa kutoa ushahidi akaukalia, bidhaa itachukuliwa kuwa ina kasoro. Tatizo ni kwamba yanahusu mwili, mali na data zilizoharibika, si hakimiliki. Pendekezo lingine la Tume ya Ulaya, lililohusu dhima ya akili mnemba yenyewe na lililokuwa na dhana za aina hiyo, lilitangazwa kuondolewa mezani Februari 2025. Nilisikitika.

Tuje kwa kaka yako, maana naye hasemi uongo. Mei 2023 Sam Altman wa OpenAI alikwenda mbele ya kamati ya Baraza la Seneti la Marekani akaomba iundwe taasisi ya kutoa leseni kwa modeli zenye nguvu. Wapo waliopiga makofi. Mimi ukinionyesha tajiri anaomba leseni, nitauliza kwanza fomu ina kurasa ngapi na nani ana watu wa kuijaza. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. China, tangu Agosti 2023, inataka huduma za umma zinazoweza kugusa maoni ya watu zifanyiwe tathmini ya usalama na algoriti zake zisajiliwe. Kwa kampuni yenye idara ya sheria hiyo ni kazi ya kawaida. Kwa watu watatu na kompyuta ni mwaka umekwisha.

Hata dai letu sisi wa upande wa wasanii lina mwiba huo. Tukisema kila picha ya mafunzo ilipiwe kwa makubaliano ya mmoja mmoja, watakaoweza kulipa ni haohao wakubwa, na kaka yako atabaki kununua kutoka kwao milele. Mimi ningependelea ada ya pamoja kupitia vyama vya hakimiliki, inayokwenda na mapato ya mlipaji. Asiyepata kitu asilipe, anayepata mabilioni alipe. Vyama vyenyewe vina matatizo yake ya kugawa fedha, hilo tunalijua wote, lakini ni matatizo tuliyoyazoea.

Mwambie pia kwamba Ulaya, pamoja na kelele zote, walimfikiria. Anayechukua modeli ya mtu akaiwekea programu yake juu habebi mzigo wa aliyeitengeneza modeli. Wajibu mzito zaidi, wa kutathmini hatari za kimfumo, unaanzia kwenye modeli iliyofunzwa kwa hesabu zaidi ya 10 kwa kipeo cha 25, kiwango ambacho kaka yako hatakigusa labda ashinde bahati nasibu mara kadhaa. Na kwenye faini, mfano ya kutowaambia watu kwamba wanaongea na mashine, kampuni kubwa huhesabiwa kile kilicho kikubwa kati ya euro milioni 15 na asilimia 3 ya mauzo yake duniani. Kampuni ndogo huhesabiwa kile kilicho kidogo. Mstari huo mmoja umefanya kazi kuliko hotuba nyingi nilizosikia kuhusu kuwalinda wabunifu wachanga.

Ila kuna upande ambao simwonei huruma kaka yako hata kidogo, nao ni kinachotoka. Aliyeweka mashine mbele ya wateja ajibu kwa inachokisema. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, lilisikiliza lalamiko la abiria aliyefiwa. Roboti ya mazungumzo kwenye tovuti ya Air Canada ilimwambia anaweza kununua tiketi kwanza, kisha aombe punguzo la msiba ndani ya siku 90. Akanunua, akaomba, akakataliwa kwa kuwa kanuni za shirika zilisema vingine. Shirika likajitetea, na hapa usicheke, kwamba roboti ni kama mtu wa kando anayewajibika kwa matendo yake mwenyewe. Baraza likakataa na kuamuru abiria alipwe. Hakuhitaji sheria mpya, maana sheria ya zamani ya kumpotosha mteja kwa uzembe ilimtosha. Vivyo hivyo na mawakili wawili wa New York waliopeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT: Juni 2023 wao na ofisi yao walitozwa dola 5,000 chini ya kanuni iliyokuwepo zamani, kabla mtu hajaota kuhusu mashine hizi.

Sura na sauti za watu ni suala la namna nyingine na linahitaji haraka kuliko haki za wachoraji. Picha ya utupu ya kughushi haisubiri hukumu ya miaka mitatu. Sheria ya Marekani ya Mei 2025 inayapa majukwaa saa 48 kuiondoa baada ya mhusika kulalamika. Naiunga mkono, ingawa wakosoaji wana hoja wanapohofia watu watakaoitumia kufuta habari za kweli wasizozipenda. Kuhusu kubandika alama kwamba picha imetengenezwa na mashine, kama China walivyolazimisha kuanzia Septemba 2025, alama ya kuonekana na nyingine ya kufichwa ndani ya faili: inasaidia kwa waaminifu. Mwovu anapiga picha ya skrini, anakata pembe, basi.

Sasa turudi kwenye zile picha 20, maana huwezi kusubiri wabunge.

Kabla hujajibu lolote kuhusu vidole, muulize mteja wako alizitengenezaje. Kama aliandika tu maneno, "sungura, kivuli cha zambarau", basi turudi kwenye habari mbaya niliyoanza nayo. Lakini programu nyingi zinakuruhusu kupakia picha za mfano, na mteja wa siku nyingi ana faili zako za vitabu vya nyuma. Ile mistari ya penseli inanitia shaka. Kama alipakia kurasa zako, amenakili kazi, si mtindo, na hapo hatuhitaji kujua lolote kuhusu data za mafunzo. Angalia mkataba wa vitabu vile ulimpa ruhusa gani: kuchapisha kitabu kile tu, au "matumizi yoyote"? Neno hilo la mwisho limeshawaliza wengi.

La pili analolisahau mteja wako: picha zile, kama zilivyo, huenda si mali yake. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya Washington ilisema kazi haiwezi kupata hakimiliki ya Marekani kama haina mwandishi binadamu. Ofisi yao ya hakimiliki ilikuwa imekwisha kuamua Februari 2023, kuhusu kitabu kimoja cha katuni, kwamba maandishi na mpangilio wa kurasa vinalindwa, picha za mashine hapana. Si kila mahali, maana Mahakama ya Intaneti ya Beijing mwaka huohuo wa 2023 ilimpa hakimiliki mtu aliyethibitisha alivyohangaika kuchagua na kurekebisha maelezo yake. Lakini mchapishaji anayetaka kuuza kitabu nchi nyingi hawezi kulipuuza. Akikitoa kitabu na sungura wale wa mashine, mshindani anaweza kuwachukua, na yeye mchapishaji asiwe na la kufanya.

Kwa maneno mengine, mkono unaoombwa urekebishe vidole kwa nusu ya bei ndio pekee unaoweza kuingiza humo kitu cha kumilikiwa. Na kurekebisha vidole hakutoshi: unacholindiwa ni kile ulichokiongeza wewe, kwa hiyo angeishia kumiliki vidole. Mpe bei ya kuchora upya, uzichukue zile 20 kama maelezo ya kile anachokitaka, na uandike kwenye mkataba nani amechora nini. Hifadhi faili zenye tabaka zote na tarehe zake, hata zile rasimu za aibu. Ongeza na kifungu kinachokataza kuipakia kazi yako kwenye mashine yoyote, kwa mafunzo au kwa mfano. Kaka yako naye aandike, kwa kila programu anayoitoa, modeli aliyoitumia, toleo lake na data aliyoiongeza. Karatasi moja tu, lakini siku akiulizwa ndiyo itakayomtofautisha na wale wenye kabati lililofungwa.

Mteja akikujibu kwamba alipakia kitabu chenu cha zamani, usimrukie. Mwombe akuandikie hilo kwa maandishi, kisha niandikie tena ukiwa na mkataba mkononi.